Zamu Yangu ya Kumlaza Butoyi

Siku ya tatu baada ya kumzika mama mkwe wangu, huko juu Bugarama, binti yetu Bukuru alikaa kwenye kitanda cha marehemu akimvika mtoto wake mchanga nguo za kulalia. Mtoto alikuwa na wiki tano. Ilikuwa jioni, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na Bugarama jioni ya namna hiyo hata mtu mzima hutafuta koti. Bukuru alimvika fulana, juu yake sweta, halafu kofia, halafu akaanza kumzungushia blanketi mara ya pili. Mke wangu Spesioza alikuwa mlangoni akichagua maharage ya wageni. Akauweka ungo chini kwa kishindo, maharage yakatawanyika. "Mutoe hayo manguo!" alisema. "Unataka kumuua kama mama yangu alivyomuua ndugu yako?"

Wafiwa waliokuwa chumbani wakageukia kitanda. Bukuru akaanza kumvua mtoto. Shangazi yake Spesioza, dada mdogo wa baba yake, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo ule, akasema polepole, "Spesi, udongo wa kaburi bado haujakauka." Hakuna aliyenitazama mimi. Nilikuwa kwenye kigoda karibu na ukuta na kikombe cha chai mkononi, na nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba maneno yale hayakuwa kweli. Mwingine aliyejua tulikuwa tumemfukia siku tatu zilizopita. Alikwenda kaburini na jina la muuaji, na jina lile lilikuwa langu.

Mwaka mtoto yule alipokufa nilikuwa na miaka ishirini na minne. Sitasimulia tulivyorudi kutoka makambini Tanzania wala tulivyogombania viwanja. Wengi wameyasimulia hayo, na hadithi zetu zinafanana. Nianze na nyumba. Tulikaa Rumonge, karibu na mtaa wa Waswahili, katika vyumba viwili vya matofali mabichi na bati juu. Cha mbele kilikuwa na viti viwili, mkeka na dirisha la mbao lililotazama ziwa. Cha ndani kilikuwa na kitanda. Jikoni palikuwa nje, kibanda cha makuti ya michikichi kilichonuka mawese, na hata sisi wenyewe tulinuka mawese, maana kazi yangu ilikuwa kusukuma gogo la kinu cha kukamulia, kuzunguka na kuzunguka tangu alfajiri mpaka jua liinamie milima ya Kongo. Nilipokuwa nikirudi, Spesioza alikuwa akicheka na kusema ningeweza kukaangiwa samaki bila mafuta. Ndivyo alivyokuwa. Mtu wa kucheka. Wanaomjua leo hawaniamini ninapowaambia.

Alijifungua kwa kupasuliwa, kabla ya wakati, mapacha. Msichana alitangulia, akaitwa Bukuru. Mvulana akafuata, akaitwa Butoyi, kama majina ya mapacha yanavyopangwa kwetu. Walikuwa wadogo kiasi kwamba nilipomwona Butoyi nilidhani kuna sehemu yake bado haijatoka. Muforoma, ndivyo tunavyomwita nesi, alikuwa mwanamke mfupi wa sauti kavu aitwaye Jeneroza. Alinikuta nimesimama ukutani nikiogopa kugusa. "Baba, vua shati," alisema. Nikafikiri ananitania. "Vua! Mama iko na kidonda, hawezi kubeba wawili." Akamlaza Butoyi kifuani mwangu, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, kofia na soksi tu, akatufunga pamoja kwa kitenge. "Sasa wewe ndiyo blanketi yake," akasema, akaenda zake. Nilisimama pale nikisikia moyo wake ukienda mbio dhidi ya mbavu zangu kama cherehani ya fundi mwenye kazi za sikukuu, na sikuthubutu kupumua kwa nguvu.

Tulipoondoka hospitali, wiki mbili baadaye, Jeneroza alitukalisha kwenye benchi akatufundisha. Nasikia sauti yake mpaka leo, na labda ndiyo sababu kumbukumbu hii hainipi nafasi ya kujificha. Usiku, alisema, mtoto akiwa kifuani, nepi na kofia na soksi zinamtosha, joto ni la kwenu. Akiwa peke yake, mvike nguo moja zaidi ya unazovaa wewe, basi. Shuka isipite kwapa, isimfikie usoni. "Na musiguse mikono kujua kama iko na baridi. Mikono ya mutoto ni baridi siku zote. Gusa hapa." Akaniweka vidole nyuma ya shingo ya Butoyi. "Hapa pakiwa na joto, mutoto iko sawa. Pakiwa na jasho, mumemufunika sana, mupunguze. Na moto, hapana ndani ya nyumba! Mumesikia?" Tukasema tumesikia. Spesioza akanikonyeza, maana muforoma alikuwa akituambia kana kwamba tuko viziwi.

Siku tisa baadaye Spesioza alianza kutetemeka kwa homa. Kidonda cha upasuaji kilikuwa kimeoza ndani. Wakamrudisha hospitali, wakamlaza kwenye wodi iliyojaa majeruhi na wagonjwa wa kila aina, na Jeneroza akakataa kata kata watoto walale humo. Waletwe asubuhi, mchana na jioni wanyonye, alisema. Usiku wakae nyumbani, na mama atakamua maziwa kwenye kikombe. Hapo ndipo nilipotuma habari Bugarama, na kesho yake mama mkwe wangu akateremka akiwa na mfuko mmoja na mkungu wa ndizi kichwani.

Nilimwita Mabukwe, kama mkwe yeyote wa Kirundi. Mtu asiyejua mila zetu hataelewa ugumu wa mambo. Mkwe na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja bila sababu, hawagusani, hawali wakitazamana. Sasa tulikuwa wawili katika nyumba ya vyumba viwili, na watoto wawili waliohitaji kifua cha mtu usiku kucha. Jioni ya kwanza nilisimama na Butoyi mikononi nikiwa nimevaa shati mpaka kifungo cha juu, nisijue la kufanya. Mabukwe aliangalia chini, kwenye miguu yangu, akasema kwa Kirundi chake cha mlimani, "Mwanangu, aibu haimpi mtoto joto. Mimi nitaenda ndani na huyu, wewe kaa hapa na huyo. Sitakuona." Akamchukua Bukuru, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Tukagawana hivyo: Bukuru wa kwake, Butoyi wa kwangu. Tangu siku hiyo alipotaka kupita sebuleni alikohoa kwanza, na mimi nikajifunika.

Alileta sweta mbili za sufu alizofuma mwenyewe, nyekundu. Alipowapeleka watoto hospitali wamezivaa, Spesioza alikasirika pale pale kitandani. "Mama, hapa si Bugarama! Muforoma amesema tusiwafunike sana." Mabukwe hakubishana. Alizivua, akazikunja, akazirudisha mfukoni, na ule mfuko akautundika kwenye msumari sebuleni. Sijaona mzee mwingine aliyekubali kufundishwa na mwanawe upesi hivyo. Lakini wodi nzima ilisikia, na majirani walikuja kukumbuka baadaye kwamba bibi yule ndiye aliyekuwa na mazoea ya kufunika watoto.

Zilikuwa wiki tatu ambazo mpaka leo sijui kama niziite nzuri au mbaya. Mabukwe alipika lengalenga, mchicha wa kwetu, kwa mawese na ndagala, dagaa wa ziwani, akaniwekea sahani juu ya kiti na kwenda kula zake nyuma ya kibanda, mgongo umenigeukia. Usiku nilimsikia ukutani akimsemesha Bukuru, akimtajia mashamba yake ya huko juu moja moja, lipi la mihogo, lipi la maharage, kana kwamba anampa urithi. Mara moja nilikuwa bafuni nikamsikia Mama Hadija, jirani yetu Mwislamu aliyekuwa akiuza ndagala, akimwambia juu ya uzio, "Mama, huyu mukwe wako iko na moyo wa mwanamuke. Bwana yangu, mutoto wake alimubeba siku ya kwanza alipoanza kutembea." Mabukwe akajibu, "Namshukuru Mungu kwa hilo. Nalala nikijua yupo." Nilijimwagia maji taratibu ili wasijue nimesikia. Sijawahi kusifiwa na mtu yeyote kama nilivyosifiwa siku ile, na nilikuwa na siku nne tu za kuistahili sifa hiyo.

Butoyi hakuwa akikua. Bukuru alinyonya kwa hasira, akapata mashavu. Butoyi alilala katikati ya kunyonya, maziwa yakimtoka pembeni mwa mdomo. Ile siku ya nne Jeneroza alimpima, akatazama mzani, akampima tena. Amepungua kidogo, alisema, mwendelee kumbeba, musimuache. Mchana huo kinuni nilisukuma gogo bila kusema neno, mpaka mwenzangu Zakariya akaniuliza kulikoni. Nikamwambia. Akasema hata yeye alizaliwa kabla ya wakati, na mama yake alimkuza kwa kuweka mbabula, yaani jiko la makaa, chumbani usiku kucha, madirisha yamefungwa. "Na mimi huyu hapa," akasema akijipiga kifua kipana kama mlango. Sikumwambia kwamba muforoma alikataza. Nilifikiri: muforoma hajazaa, Zakariya yupo hapa mbele yangu, anapumua.

Usiku ule mvua ilivuka ziwa na upepo wake wote. Bati lilipiga kelele mpaka sikuweza kusikia pumzi ya mtoto. Nilimgusa mikono, ilikuwa baridi kama ya samaki. Shingo sikuigusa. Niliyakumbuka maneno ya Jeneroza, sitasema niliyasahau, lakini mikono ile ilikuwa baridi na mimi niliogopa. Na kuna jambo jingine ambalo ndilo hasa nimeshindwa kulisema miaka yote. Nilikuwa nimechoka. Wiki tatu nilikuwa nimelala chali, bila kugeuka, mchana nasukuma gogo, usiku nimekuwa kitanda cha mtu mwingine. Mgongo uliniuma mpaka kwenye meno. Nilitaka kulala kwa ubavu. Usiku mmoja tu.

Kwa hiyo nilimtoa kifuani. Nilishusha mfuko wa Mabukwe kutoka kwenye msumari, nikatoa sweta zote mbili, nikamvika ya kwake, na juu yake ya dada yake. Kofia. Mablanketi mawili, nikayazungusha mpaka kidevuni, kisha nikaivuta pembe moja ikafunika na kichwa. Nikaenda kibandani, nikaileta mbabula ikiwa na makaa ya jioni, nikaongeza mengine, nikapuliza mpaka yakawa mekundu. Nilifunga dirisha. Mlango wa nje ulipitisha upepo chini, nikauzibia kwa gunia. Halafu nikamlaza karibu na joto, nikajilaza kwenye mkeka kwa ubavu wangu wa kulia, nikamtazama akilala. Nilikuwa na furaha, lazima niseme. Nilijiona nimefanya jambo la kibaba. Usingizi ulinichukua mara moja.

Kilichoniamsha ni mvua usoni. Nilikuwa uani, kwenye tope, na mtu alikuwa akinivuta kwapani. Ilikuwa alfajiri. Kichwa kilikuwa kinapasuka, nikatapika mpaka nyongo. Mabukwe, mwanamke ambaye hakuwa amewahi hata kunipa mkono, alikuwa ameniburuta kutoka chumbani hadi nje peke yake. Aliniachia, akarudi ndani. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Akatoka na mbabula, akaimwaga yote kwenye dimbwi, moshi ukapanda. Akarudi tena, nikasikia dirisha likigonga ukuta. Akatoka mara ya tatu na Butoyi. Alikaa kwenye kizingiti akaanza kumvua: blanketi, blanketi la pili, sweta, sweta. Alipofika kwenye ngozi nikaona nywele zake ndogo zimelowa jasho, na nguo ya ndani imelowa. Alimweka sikioni. Alimpulizia mdomoni. Alimweka kwenye kifua chake mwenyewe akamfunika na kitenge, akakaa hivyo akiyumba, macho kwenye ukuta, muda mrefu sana. Bukuru alikuwa akilia chumba cha ndani, ambako mlango ulikuwa umefungwa usiku kucha na dirisha lilikuwa wazi kidogo, kama tulivyofundishwa.

Mama Hadija alisikia kilio cha Bukuru kisichokoma, akapita kwenye uzio. Alitazama mtoto, akatazama sweta nyekundu chini, mablanketi, makaa yanayofuka. "Yesu na Mariamu," alisema, ingawa yeye ni Mwislamu. "Nani alimufunika hivi? Nani aliweka mbabula?"

Nilikuwa kwenye magoti, mdomo umejaa matapishi. Nilimsikia vizuri. Na nilimsikia Mabukwe, sauti yake imetulia kama mtu anayetaja jina lake kwa karani: "Ni mimi. Baba yake alikuwa amechoka, nikamchukua. Niliona ana baridi."

Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema kitu pale pale. Kinywa kilikuwa changu. Nilikuwa mgonjwa, ndiyo, lakini si mgonjwa hivyo. Nadhani nilidhani ni jambo la muda, kwamba amesema hivyo kwa ajili ya jirani, na sisi wawili tutalisahihisha baadaye. Neno la uongo ukiliacha lipite asubuhi, jioni linakukuta limeshakuwa mwenyeji.

Asubuhi hiyo hiyo ilikuwa lazima Bukuru anyonye. Tulikwenda wote wawili. Spesioza alikuwa amekaa kitandani, homa imepungua, amejisuka nusu ya kichwa. Alifungua blauzi akanyoosha mikono yote miwili, kama alivyozoea, mmoja huku na mmoja huku. Mabukwe akampa Bukuru. Mkono mwingine ukabaki umenyooshwa. "Na Butoyi?" Akanigeukia. "Nestori, Butoyi yuko wapi?" Nilifungua mdomo. Mabukwe akasogea mbele yangu, kabisa mbele yangu, hata nikawa naona mgongo wake tu, akamweleza binti yake kwa Kirundi, maneno machache, kuanzia sweta mpaka makaa, na kila alichosema nilikuwa nimekifanya mimi. Spesioza hakupiga kelele. Aliangalia titi lililokuwa likitiririka maziwa upande ambao hapakuwa na mtoto. Akasema, "Nilikuambia. Mbele ya watu wote nilikuambia."

Tulimzika Butoyi mchana, watu wachache. Spesioza alirudi nyumbani baada ya wiki mbili nyingine, akitembea kwa kushika kuta. Mabukwe alikuwa amefagia, amepika ndizi, amemwogesha Bukuru. Spesioza alisimama sebuleni, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mama yake, na bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, akasema, "Mama, mimi sitaki uguse mwanangu tena. Nenda kwako." Mabukwe akasema, "Ndiyo, mwanangu." Akaingia ndani kuchukua mfuko wake.

Nilimsindikiza barabarani. Tulisimama upande wa juu, mahali magari yanayopanda mlimani yanaposimama, yeye hatua nne mbali nami kama ilivyo adabu. Nilikuwa nimeshaamua. Nikamwambia, "Mabukwe, narudi nyumbani sasa hivi nimwambie ukweli."

"Umwambie halafu?"

"Ajue."

"Ajue halafu aende wapi?" Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. Alikuwa na macho mekundu, lakini hakulia. "Sikiliza, mwanangu. Yule ana kidonda, hajaweza hata kuinua ndoo. Mtoto aliyebaki ni mdogo. Akinichukia mimi, atakula, atalala, ataamka, atanichukia tena, na mtoto atakua. Akikuchukia wewe atatoka kwenye nyumba ile na huyo mtoto mgongoni, na kidonda kile, na atakufa njiani. Mimi nimeshamzika mjukuu mmoja."

"Lakini watakuita muuaji."

"Nimezeeka. Wataniita kwa muda gani?" Gari lilikuwa linakuja. Akainua mfuko. "Utamwambia siku atakapokuwa na nguvu za kukuacha. Siku hiyo, usichelewe." Na akiwa ameshaweka mguu kwenye gari, aligeuka akaongeza, kwa sauti ndogo, "Huyo mwingine mbebe kila usiku. Usichoke tena."

Aliishi miaka ishirini na sita baada ya siku ile.

Nilimbeba Bukuru kila usiku wa mwaka ule. Nepi, kofia, soksi, kitenge. Alipokuwa mzito wa kutosha kulala peke yake, nilimvika fulana nyembamba, shuka chini ya makwapa, dirisha wazi, na mimi nikakaa kwenye kiti, kila saa nikimgusa nyuma ya shingo. Spesioza aliamka akanikuta hivyo. "Wewe ni baba mwema, Nestori," aliniambia usiku mmoja. "Hata kama nilikuwa hospitali, wewe ungekuwa macho siku ile, Butoyi angekuwepo." Nilimwambia alale. Mwezi wa chanjo nilimpeleka Bukuru mimi, maana Spesioza bado aliumwa, na pale mbele ya akina mama, mhudumu alisema makaa ndani ya nyumba iliyofungwa yana sumu isiyo na harufu wala moshi, huua mtoto kabla mtu mzima hajaamka. Nilikuwa mwanamume peke yangu kwenye benchi. Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza kama naumwa.

Mwaka ule uliisha na Bukuru akishika kuta kama mama yake alivyozishika. Spesioza alipona. Akaanza kununua mawese kwenye vinu na kuyapeleka Kabezi na Bujumbura, akapata nguvu za mikono na za sauti, akajenga vyumba viwili vingine kwa jasho lake. Ikafika siku ambayo angeweza kuniacha bila kupungukiwa na kitu. Niliiona ikifika. Nikasema: Bukuru amalize shule kwanza. Nikasema: aolewe kwanza. Mabukwe alikuja kwenye komunyo ya Bukuru, akakaa benchi la nyuma; alikuja kwenye harusi, akapewa chakula na watu wa pembeni. Spesioza alimsalimia "amahoro" kama anavyomsalimia mteja. Kwao Bugarama wanawake hawakumpa tena mtoto wa kushika. Akipita, wajawazito walinyamaza. Mimi nilimpelekea ndagala na sabuni kwa mkono wa madereva. Kila mara alirudisha jibu moja: murakoze, yaani asante, na mtoto hajambo? Hakuniuliza kamwe lile neno jingine, kama nimeshasema. Na mimi, kwa kuwa hakuuliza, nikajifanya ameridhika.

Basi jioni ile Bugarama, baada ya maharage kuokotwa, nilimwomba Spesioza tutoke nyuma ya nyumba. Nilimwambia yote, tangu maneno ya Zakariya mpaka ule mgongo ulioniuma na hamu ya kulala kwa ubavu. Alisikiliza amesimama. Aliuliza mambo mawili. "Mama alijua?" Nikasema ndiye aliyenitoa ndani. "Na wewe ulikuwa unaona ninavyomsalimia?" Nikasema nilikuwa naona. Giza lilikuwa limeingia kabisa. Akasema, "Mama tulimwita muuaji mbele za watu. Wewe umekuja kuniambia gizani. Kesho uwaambie wote." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Hajarudi Rumonge, yuko kwenye nyumba ya mama yake, mwezi wa pili sasa. Bukuru hunipigia simu, tunazungumza habari za mtoto, na zaidi ya hapo hataki, nami simlazimishi. Sijui kama nina mke.

Kesho yake asubuhi ukoo ulikaa kupanga siku ya kumaliza matanga. Niliomba ruhusa, nikasimama katikati ya wakwe zangu, nikasema. Sikusema vizuri, nilirudia rudia, na mahali pa kueleza sweta ikabidi nianze upya. Nilitaja jina lake mara tatu, Marigarita, jina ambalo mkwe hapaswi kulitaja, ili asiwepo mtu wa kudhani namsema mwingine. Bukuru alikuwa amemkumbatia mwanawe, ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi.

Shangazi ndiye aliyesema. Aliegemea fimbo yake akaniuliza swali moja, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua tu. "Mukwe wetu, miaka yote hii, ulikuwa unapata usingizi?"

Nilitaka kusema hapana. Wangenionea huruma kidogo, na huruma kidogo nilikuwa naihitaji. Lakini Spesioza alikuwa amekaa pale pembeni ya mlango, na yeye ndiye aliyelala ubavuni mwangu miaka ile yote.

"Nililala, Shangazi," nikasema. "Siku nyingi nililala vizuri."

Spesioza akajifunika uso kwa kitenge, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike, akamlilia mama yake.